Kobalti au shaba: metali ipi ichaguliwe kwa memuari kuhusu muundo na sumaku ya kampaundi za uratibu

Kila mwaka, joto la Oktoba linapoanza kuubana mji wa Lubumbashi, wanafunzi wanaomaliza masomo ya kemia hufika maabara na swali lilelile: kwa memuari, yaani tasnifu ya kumalizia masomo, inayohusu muundo wa kampaundi za uratibu (zile ambazo metali imezungukwa na molekuli au ioni zilizofungwa kwake) na tabia zake mbele ya sumaku, ni afadhali kuchukua kobalti au shaba? Swali hili lina mizizi katika mji wetu. Malakiti ya kijani, yenye shaba, na heterojeniti nyeusi, yenye kobalti, vinachimbwa katika ardhi yetu ya Katanga, na kijana wa hapa amekwisha kusikia majina ya metali hizo mbili nyumbani kabla hajafundishwa alama za Co na Cu darasani. Hata hivyo, wepesi wa kuzipata hautoshi kuamua, kwa kuwa kila moja inafundisha jambo lake, inadai vyombo vyake, na ina makosa yake ambayo hainyamazii.

Mimi nimezisimamia memuari za aina zote mbili, na ninauweka msimamo wangu wazi tangu sasa. Mwanafunzi mwenye mizani ya kawaida ya maabara na miezi michache achukue kobalti. Mwenye subira ya kupima sampuli ileile mara nyingi katika joto tofauti, na anayeweza kupata barafu bila shida, achukue shaba; lakini basi achukue asetati ya shaba, asiridhike na salfeti peke yake. Yanayofuata ni sababu zangu.

Kinachopimwa

Metali ya mpito, kama kobalti na shaba, inapozungukwa na ligandi, yaani molekuli au ioni zilizofungwa kwake, obitali zake tano za d, ambazo ni makao ya elektroni zake za nje, haziendelei kuwa na nishati moja. Katika umbo la oktahedroni, ambamo ligandi sita zinaikabili metali kutoka pande sita, obitali tatu hushuka na mbili hupanda. Katika tetrahedroni mpangilio hupinduka, mbili chini na tatu juu, na pengo lililo kati yake hupungua hadi karibu nne ya tisa ya lile la oktahedroni kwa ligandi zilezile. Hapo elektroni zinakabiliwa na gharama mbili: gharama ya kupanda pengo hilo, na gharama ya kukaa mbili mbili katika obitali moja. Pengo likiwa kubwa, elektroni hujibana chini na kuoana, na tunasema ni spini ya chini. Likiwa dogo, hutawanyika na kubaki pweke, na tunasema ni spini ya juu.

Elektroni pweke ndizo zinazovutwa na sumaku. Kampaundi yenye elektroni pweke ni paramagineti. Isiyo nazo ni diamagineti, nayo husukumwa kidogo sana. Hesabu ya kwanza ambayo kila mwanafunzi anaijua ni μ = √n(n+2), ambamo n ni idadi ya elektroni pweke na μ ni momenti ya sumaku, yaani nguvu ya sumaku ya kila metali, katika kipimo kiitwacho magnetoni za Bohr. Elektroni moja hutoa 1,73, mbili 2,83, tatu 3,87, nne 4,90, tano 5,92. Kinachopimwa mezani, lakini, ni uvutikaji wa kimola χ, yaani kiasi ambacho mole moja huitikia sumaku, na kutoka hapo tunafika kwenye momenti kwa μ = 2,828 √(χT), T ikiwa joto katika kelvini na χ ikiwa katika vipimo vya sentimita, gramu na sekunde, ambavyo majedwali mengi bado yanavitumia.

Ninasisitiza herufi T kwa sababu watu huisahau. Maabara yetu asubuhi ya Julai inaweza kuwa na nyuzi 17, na alasiri ya Oktoba ikafika 30. Kwa kampaundi inayofuata kanuni ya Curie, ambamo uvutikaji hupungua kadiri T inavyopanda, tofauti hiyo peke yake inabadili uvutikaji kwa zaidi ya asilimia 4. Anayeandika katika daftari lake «joto la kawaida» bila namba amekwisha kuiharibu kazi yake kabla ya kuigusa mizani.

Kobalti: metali inayosema kwa sauti kubwa

Fadhila ya kwanza ya kobalti ni kwamba ina hali mbili za oksidisho zinazotengenezeka kwa vifaa vya kawaida, na hali hizo mbili ziko mbalimbali kabisa mbele ya sumaku. Kobalti(II) ina elektroni saba za d. Katika maji na katika kloridi hubaki spini ya juu, na elektroni tatu pweke. Kobalti(III) ina elektroni sita. Mbele ya amonia pengo linakuwa kubwa kiasi kwamba zote sita hushuka chini na kuoana, na kampaundi inakuwa diamagineti. Mwanafunzi anaanza na chumvi ya rangi ya waridi inayovutwa kwa nguvu, anaitia amonia, kloridi ya amonia, makaa amilifu na peroksidi ya haidrojeni, anachuja, anatia asidi hidrokloriki na kupoza kwa barafu, kisha anapata fuwele za rangi ya dhahabu ambazo sumaku haizijali. Metali ni ileile, chupa ni ileile, na siku ni moja. Sijui somo jingine la kemia isiyo ya kaboni linaloonyesha waziwazi hivyo kwamba sumaku haifuati jina la metali, bali mpangilio wa elektroni ndani ya muundo wake.

Tena ni metali yenye historia. Alfred Werner, aliyetoa nadharia ya uratibu mwaka 1893 na kupewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1913, aliijenga kwa kiasi kikubwa juu ya kampaundi za kobalti na amonia. Alipotia nitreti ya fedha katika myeyusho wa ile chumvi ya kobalti ya rangi ya dhahabu yenye amonia sita, kloridi zote tatu zilianguka chini kama mashapo. Katika chumvi ya zambarau yenye amonia tano zilianguka mbili tu, kwa kuwa ya tatu imefungwa kwenye metali yenyewe. Mwanafunzi wa leo anaweza kulirudia jaribio hilo kwa nitreti ya fedha kidogo sana, na ninamshauri alirudie, kwa sababu chumvi zote mbili ni diamagineti na mizani ya sumaku haiwezi kuzitenganisha. Makaa amilifu yakisahauliwa, fuwele zinazotoka ni za zambarau badala ya dhahabu. Nimeona mwanafunzi akipima sumaku ya chumvi asiyoitaka, akapata jibu sahihi, na akaandika muundo wa uongo.

Sasa nije kwenye kobalti(II), ambako mambo yana utajiri zaidi kuliko vitabu vya mwanzo vinavyokiri. Hesabu ya elektroni tatu pweke inatoa 3,87, lakini hakuna anayepata namba hiyo. Katika oktahedroni tunapata kati ya 4,7 na 5,2. Katika tetrahedroni kati ya 4,2 na 4,8. Ziada hiyo haitokani na kosa la kupima. Katika oktahedroni, obitali tatu za chini hazikujaa sawasawa, kwa hiyo elektroni zinaweza kuizunguka metali kwa namna inayoongeza sumaku yake juu ya ile ya spini. Katika tetrahedroni mwendo huo umezimwa kwa sehemu kubwa, na kinachobaki kinaingia kwa mlango wa nyuma kupitia mshikamano wa spini na obiti. Kwa hiyo momenti ya kobalti(II) inabeba habari ya umbo, na hilo ndilo jambo ambalo shaba haitakupa. Lakini tazama mipaka: 4,7 hadi 4,8 imo katika makundi yote mawili. Kwa sababu hiyo memuari nzuri ya kobalti daima inaita shahidi wa pili, na shahidi huyo ni rangi.

Hapo tena pana mtego, nao unawanasa hata watu waliosoma sana. Wengi wamekariri kwamba waridi ni oktahedroni na buluu ni tetrahedroni. Katika myeyusho usemi huo unafanya kazi: ioni yenye maji sita ni ya waridi iliyofifia, na ioni yenye kloridi nne ni ya buluu kali, kwa kuwa tetrahedroni haina kitovu cha ulinganifu na hufyonza mwanga kwa nguvu zaidi. Katika fuwele mambo hubadilika. Kloridi ya kobalti iliyokaushwa kabisa ni ya buluu, na bado kila kobalti ndani yake imezungukwa na kloridi sita katika oktahedroni. Na ile ya waridi yenye maji sita katika fomula yake ina maji manne tu kwenye metali, pamoja na kloridi mbili zinazotazamana. Maji mawili yaliyobaki yamekaa pembeni katika fuwele. Anayetaka tetrahedroni ya kweli katika hali ya unga atengeneze chumvi ya ioni yenye kloridi nne na kationi kubwa, au, kama maabara yake ina kofia ya kuvuta hewa inayofanya kazi, kampaundi ya kloridi ya kobalti na piridini mbili. Hiyo ya mwisho ni hazina kwa memuari: fomula moja, maumbo mawili. Ya zambarau ni mnyororo wa oktahedroni zinazoshikana kwa kloridi. Ikipashwa moto inakuwa ya buluu, molekuli moja moja za tetrahedroni, na ikiachwa inarudi polepole kwenye zambarau. Piridini ina harufu mbaya na sumu. Pasipo kofia hiyo isiguswe.

Majira ya mvua pia yanaingia katika hesabu. Kati ya Novemba na Machi, kloridi ya buluu iliyoachwa mezani kwetu huanza kupata madoa ya waridi kwa muda mfupi, na uzito wake haubaki ule uliopimwa. Gramu inayohesabiwa kama kloridi kavu huku nusu yake ni maji itatoa momenti ndogo kuliko ukweli, na mwanafunzi atatafuta maelezo ya kinadharia mahali ambapo panahitajika chombo cha kukaushia tu.

Shaba: metali ya sauti ndogo, na siri moja kubwa

Shaba(II) ina elektroni tisa za d, na kwa hiyo elektroni moja pweke katika kila umbo linalowezekana. Momenti yake hukaa kati ya 1,7 na 2,2, iwe mraba bapa, iwe oktahedroni iliyorefushwa, iwe tetrahedroni iliyobanwa. Mwanafunzi anayetengeneza kampaundi sita za shaba zenye ligandi tofauti na kupima momenti zake katika joto la chumba atapata namba sita zinazofanana, na sura yake ya majadiliano itakosa cha kujadili. Nimezisoma memuari za namna hiyo. Kazi ya mikono ni safi, na mwandishi wake anastahili huruma, kwa sababu aliuliza swali ambalo shaba hailijibu.

Lakini kwa upande wa muundo shaba ina mambo mengi. Kutokana na tokeo ambalo Jahn na Teller walilieleza mwaka 1937, oktahedroni yenye elektroni tisa haiwezi kukaa sawasawa. Kwa kawaida hurefuka katika mhimili mmoja. Salfeti ya shaba, ile chumvi ya buluu ambayo kila mtoto wa shule ameiona, ina maji manne yaliyoikaribia shaba kwa takriban pikomita 197, na oksijeni mbili za salfeti zilizo mbali zaidi, karibu 240. Maji ya tano hayaigusi shaba kabisa, yanashikiliwa na viungo vya haidrojeni. Yote hayo yanaonekana kwa miali ya eksi. Mizani ya sumaku haiyaoni.

Tena sauti yake ndogo inaleta ugumu wa hesabu ambao kobalti hautoi. Uvutikaji wa kimola wa salfeti ya shaba yenye maji matano ni karibu 1460 × 10⁻⁶ katika joto la chumba. Kila atomu na kila ioni katika fomula ina sehemu yake ya diamagineti inayopunguza kipimo, nasi tunairudisha kwa majedwali ya Pascal: maji matano yanachukua 65, salfeti karibu 40, ioni ya shaba zaidi ya 10, jumla takriban 118 × 10⁻⁶. Hiyo ni asilimia 8 ya kilichopimwa. Katika kelvini 293, bila marekebisho momenti inatoka 1,85. Pamoja na marekebisho 1,92. Sasa linganisha na chumvi ya kobalti(II) ya oktahedroni, yenye uvutikaji karibu 10 000 × 10⁻⁶: marekebisho ya ukubwa uleule yanafika asilimia 1 tu. Kobalti inavutwa zaidi ya mara sita kuliko shaba, mole kwa mole, na mizani yenye kasoro inaweza bado kusema ukweli juu yake.

Kwa nini basi nisiiondoe shaba moja kwa moja? Kwa sababu ya asetati. Ukiyeyusha kaboneti ya shaba katika asidi asetiki na kuacha myeyusho upoe, unapata fuwele za kijani-buluu iliyokolea, zenye maji moja katika fomula. Pima momenti yake: inatoka karibu 1,4 kwa kila shaba. Elektroni moja pweke haiwezi kutoa chini ya 1,73, na mwanafunzi wa kwanza kuliona hilo hudhani amekosea mizani. Hakukosea. Shaba mbili zimekaa pamoja, zimefunikwa na asetati nne kama ndugu wawili chini ya blanketi moja, umbali wao ukiwa pikomita 264 hivi, karibu sana na ule wa shaba metali yenyewe, ambao ni 256. Kupitia asetati hizo elektroni mbili pweke zinasikiana na zinapenda kuelekea pande tofauti, hivi kwamba sumaku zake hufutana. Bleaney na Bowers walieleza hivyo mwaka 1952 kwa kuchunguza mwangwi wa spini za elektroni, na mwaka uliofuata miali ya eksi ikaonyesha jozi hiyo waziwazi. Hapa sumaku iliutangulia muundo na kuutabiri, na mimi naona ni mojawapo ya kurasa nzuri kuliko zote katika kemia ya metali za mpito.

Kwa mwanafunzi wa Lubumbashi asiye na naitrojeni oevu, asetati inatoa jaribio ambalo linahitaji barafu na chumvi ya jikoni tu. Pengo kati ya hali ya kufutana na hali ya kuungana ni karibu 300 kwa sentimita kinyume, kipimo cha nishati. Katika kelvini 298, takriban jozi 42 kwa 100 zimepanda kwenye hali yenye sumaku. Katika kelvini 255, yaani karibu nyuzi 18 chini ya sifuri, zinabaki 36. Momenti inashuka kutoka 1,40 hadi 1,30. Na sasa tazama uvutikaji wenyewe: kampaundi ya kawaida ya paramagineti, ikiwemo salfeti, ingevutwa kwa asilimia 17 zaidi ikipozwa hivyo. Asetati haibadiliki karibu hata kidogo, kwa sababu idadi ya jozi zenye sumaku inapungua kwa kasi ileile ambayo baridi ingeongeza mvuto. Uvutikaji wake una kilele chake hasa karibu na kelvini 255. Mirija miwili, mmoja wa salfeti na mmoja wa asetati, ikitolewa katika bafu moja la barafu na chumvi: mmoja unavutwa zaidi kuliko asubuhi, wa pili umekaa palepale. Anayeweza kuonyesha hilo mbele ya baraza la watahini hana haja ya maneno mengi.

Jaribio hili lina masharti, na siyafichi. Mrija ufungwe kabisa kabla ya kupozwa, ufutwe umande kwa kitambaa, upimwe haraka, na sumaku yenyewe ibaki katika joto la chumba kwa kuwa nguvu yake pia hubadilika na baridi. Lazima kurudia mara nyingi na kutoa wastani. Mwanafunzi asiyependa kurudia asiende huko.

Nikeli na chuma, kwa ufupi

Huulizwa pia kuhusu nikeli. Kwa swali la umbo ni safi kuliko zote: nikeli(II) katika oktahedroni ina elektroni mbili pweke na momenti kati ya 2,9 na 3,3, na katika mraba bapa ni diamagineti, kama ile kampaundi nyekundu ya dimetili-glioksimu. Jibu ni ndiyo au hapana. Kasoro yake ni kwamba jibu hilo limekwisha kuandikwa katika kila kitabu, na vumbi la chumvi zake ni la kuogopwa. Chuma kinavutia kwa wale wanaotaka spini inayogeuka kutoka chini kwenda juu, lakini kampaundi maarufu ya fenantrolini na tiosianati hugeuka karibu na kelvini 175, na baridi hiyo barafu na chumvi haviifikii. Chuma pia ndicho kinachofungua mlango kwenye damu: Pauling na Coryell walionyesha mwaka 1936 kwamba hemoglobini iliyobeba oksijeni ni diamagineti, na isiyobeba ina elektroni nne pweke kwa kila chuma. Kwa memuari ya kemia tupu, hata hivyo, ningekiacha.

Vyombo vinavyoamua

Mizani ya Gouy, iliyoelezwa mwaka 1889, inataka mrija mrefu uliojazwa unga sawasawa na sumaku kubwa ya umeme. Umeme ukikatika katikati ya kipimo, na hapa hukatika, inabidi kuanza upya baada ya kuiacha mizani itulie. Njia ya Evans ya mwaka 1959 inapima katika myeyusho kwa mashine ya mwangwi wa kiini cha atomu (NMR). Ni nzuri kwa kobalti(II) inayoyeyuka, lakini haifai kwa asetati ya shaba ndani ya maji, maana jozi huvunjika humo. Anayetuma sampuli zake nje ya nchi kupimwa kwa njia hiyo achunguze fomula atakayotumia: mashine za zamani zilikuwa na uga wa sumaku uliokatiza mrija, za sasa zina uga unaofuata urefu wake, na anayechanganya fomula za aina hizo mbili anapata χ iliyo mara mbili ya ile ya kweli, au nusu yake.

Njia ninayoipendekeza mimi ni ya gharama ndogo. Sumaku ya neodimi inawekwa juu ya kipande kirefu cha polistireni katika sahani ya mizani ya uchambuzi, ili iwe mbali na sehemu za ndani za mizani. Mrija wa sampuli unashikiliwa juu yake kwa kishikio cha mbao, milimita chache tu, bila kugusana. Kampaundi ya paramagineti huivuta sumaku juu na mizani inasoma pungufu. Ya diamagineti huisukuma chini na mizani inasoma zaidi. Kwa fuwele za dhahabu za kobalti(III), usitazamie kusukumwa waziwazi: ndani yake kuna paramagineti ndogo isiyotegemea joto inayokaribia kufuta diamagineti, na mizani haitikisiki kwa lolote la kutajwa. Kulinganisha kunafanywa na chumvi ya Mohr safi, yaani salfeti ya chuma(II) na amonia, ambayo uvutikaji wake kwa gramu ni karibu 32,3 × 10⁻⁶ katika nyuzi 20. Vitabu vinataja pia tetratiosianati ya kobalti na zebaki, yenye 16,44 × 10⁻⁶. Ni kipimo bora, ila zebaki yake sitaki kuiona mikononi mwa mwanafunzi pasipo sababu.

Usafi wa chumvi unaelemea zaidi upande wa kobalti kuliko wa shaba. Asilimia 2 tu ya kobalti(II) iliyobaki ndani ya fuwele za kobalti(III) inatosha kuipa kampaundi ya diamagineti momenti ya uongo ya 0,7. Chuma kilicho huru ni kibaya zaidi. Niliwahi kupoteza majuma mawili kwa sababu nilikwangua fuwele kutoka ukutani mwa chupa kwa kijiko cha chuma cha pua kilichochakaa. Chembe zisizoonekana kwa macho ziliifanya sampuli ivutwe, na momenti ilibadilika kila nilipoisogeza karibu au mbali na sumaku. Mabadiliko hayo ndiyo alama ya feromagineti, yaani sumaku kali ya chuma chenyewe: paramagineti ya kweli hutoa χ ileile katika kila umbali. Tangu hapo tunatumia vijiko vya plastiki au kaure, na haidroksidi ghafi ya kobalti kutoka viwandani, pamoja na salfeti ya shaba inayouzwa kwa ajili ya mashamba, havipiti mlango wetu bila kufuwelishwa upya mara mbili. Glavu zinavaliwa kwa metali zote mbili, na maji ya kuoshea yenye kobalti hayamwagwi kwenye mfereji.

Kwa hiyo mwanafunzi atazame kwanza mizani yake. Ikiwa inasoma hadi miligramu moja, achukue kobalti, chumvi tatu au nne: ya waridi, ya dhahabu, ya zambarau yenye amonia tano, na moja ya tetrahedroni, azichunguze kwa sumaku, kwa rangi na kwa nitreti ya fedha. Ikiwa inasoma hadi sehemu ya kumi ya miligramu, na kipo chumba kisicho na upepo wa madirisha, basi asetati na salfeti ya shaba zinamngoja. Mwezi wa kuanza vipimo hivyo ni Juni: hewa ya Lubumbashi ni kavu, na umande haushiki mrija upesi.